Faili Haliingii: Utatuzi wa Matatizo ya BULK INSERT na SQL Dainamiki

Amri ya BULK INSERT ya SQL Server (hifadhidata ya Microsoft), inayoingiza faili zima la data kwenye jedwali kwa mkupuo, ina ukorofi mmoja ambao kila anayeitumia hukutana nao siku ya kwanza: haikubali jina la faili lililowekwa kwenye kigeu. Ukiandika `BULK INSERT dbo.Malipo FROM @njia`, inakataa papo hapo. Kwa ofisi inayopokea mafaili ya matawi kila mwezi, kila faili na jina lake, njia inayobaki ni SQL dainamiki: unaunga amri nzima kama maandishi, kisha unayaendesha maandishi hayo.

Kuanzia hapo una vitu viwili vinavyoweza kuharibika, maandishi unayoyaunga na faili lenyewe, na ujumbe wa kosa hauelezi kila mara ni kipi kati ya hivyo. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, weka `PRINT @amri` juu ya mstari wa kuendesha. Nakili kilichochapishwa, kibandike kwenye dirisha jipya, kiendeshe kwa mkono. Kama kilichochapishwa ni kitupu au kimevunjika, shida ni uungaji. Kama ni kizima lakini kinagoma, shida ni faili, ruhusa au mipangilio ya amri. Kama kwa mkono kinaenda ila kazi iliyopangwa kujiendesha yenyewe usiku inakwama, shida ni akaunti inayoiendesha hiyo kazi. Kipimo hiki hakichukui muda, na kinakuepusha na kubahatisha.

Tahadhari moja: PRINT hukata maandishi ya nvarchar yakifika herufi 4,000. Amri ndefu ikionekana imeishia njiani, huenda ni PRINT tu iliyoikata.

Huu hapa muundo nitakaourejea:

```
DECLARE @njia nvarchar(400) = N'D:\Mapokezi\Temeke_Machi.csv';
DECLARE @jedwali sysname = N'Mapokezi_Malipo';
DECLARE @amri nvarchar(max);

SET @amri = N'BULK INSERT dbo.' + QUOTENAME(@jedwali)
  + N' FROM ''' + REPLACE(@njia, N'''', N'''''')
  + N''' WITH (FORMAT = ''CSV'', FIRSTROW = 2, CODEPAGE = ''65001'');';

PRINT @amri;
EXEC sys.sp_executesql @amri;
```

QUOTENAME hulizungushia jina mabano ya mraba, FIRSTROW = 2 huruka mstari wa vichwa, CODEPAGE = '65001' ni UTF-8, na `sp_executesql` ndiyo inayoendesha maandishi. FORMAT = 'CSV' inapatikana kuanzia SQL Server 2017. Kwenye toleo la zamani kuliko hapo usiihangaikie. Omba faili lililotenganishwa kwa tabu.

## Dalili: kosa namba 102 karibu na neno ambalo hukuliandika, mara nyingi likifuatwa na 105

Sababu ya kwanza: ritifaa (alama ya ') kwenye jina la faili au folda. Kwetu hili ni la kila wiki, kwa sababu majina ya mahali yamejaa ritifaa: Chang'ombe, Nyang'hwale, Murang'a, Lang'ata. Tawi likituma faili lenye jina lake, amri iliyoungwa bila tahadhari hutoka hivi:

```
BULK INSERT dbo.[Mapokezi_Malipo]
FROM 'D:\Mapokezi\Chang'ombe_Machi.csv' WITH (FORMAT = 'CSV');
```

Kwa SQL Server, maandishi yameishia kwenye `Chang`. Kinachofuata, `ombe_Machi`, ni neno lisilo na maana kwake, na ndilo litakalotajwa kwenye ujumbe wa kosa. Alama za nukuu zilizobaki hazilingani, kwa hiyo linakuja na kosa 105 la nukuu isiyofungwa. Dawa ni ile REPLACE iliyo kwenye muundo hapo juu: kila ritifaa inageuzwa kuwa mbili. Kuyaagiza matawi yaandike "Changombe" ni kuahirisha tatizo hadi siku atakapoajiriwa karani mpya.

Ritifaa iliyo *ndani* ya faili, mathalani mteja anayeitwa Ng'wandu, haina madhara kwa BULK INSERT. Inawaumiza wanaosoma faili mstari kwa mstari na kuunga `INSERT ... VALUES` kwa kila mmoja. Kama ndivyo programu yako inavyofanya, acha kuunga thamani na uzipitishe kama vigezo vya `sp_executesql`.

Sababu ya pili: nukuu ulizozihesabu vibaya mwenyewe. Ndani ya maandishi, nukuu moja huandikwa mara mbili, na ukiwa na `'CSV'` ndani ya amri iliyo ndani ya nukuu ni rahisi kupotea. Angalia kilichochapishwa na PRINT, usiangalie msimbo wako.

Sababu isiyo ya kawaida ila ya hatari: mtu anajaribu. Kama jina la faili linatoka kwenye ukurasa ambao mtumiaji anajaza mwenyewe, anaweza kuandika jina linalofunga nukuu na kuongeza amri yake ya kufuta jedwali. REPLACE kwa njia ya faili na QUOTENAME kwa jina la jedwali huziba tundu hilo. Zaidi ya hapo, hakikisha jina la jedwali lipo kwenye orodha unayoiruhusu kabla ya kuliunga. Ukikuta kwenye kumbukumbu majina ya mafaili yenye nuktamkato na maneno kama DROP au EXEC, usisafishe kitu. Yaache kama yalivyo na umwite anayehusika na usalama wa mifumo.

## Dalili: hakuna kosa lolote, na hakuna data

Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu kila kitu kinaonekana kimekwenda salama.

Sababu kubwa ni NULL, yaani thamani isiyokuwepo. Ukiunga maandishi kwa alama ya `+` na kipande kimoja kikawa NULL, amri nzima inakuwa NULL, na `sp_executesql` ikipewa NULL haifanyi kitu wala hailalamiki. PRINT itaonyesha mstari mtupu. Tafuta kigeu ambacho hakikujazwa: jina la tawi lisilokuwepo kwenye jedwali la matawi, tarehe iliyosahaulika, kigezo kilichopitishwa kwa jina lisilo sahihi.

Kuna NULL nyingine iliyojificha zaidi. Watu wengi, wakishajifunza kwamba QUOTENAME ni salama, huitumia hata kwa njia ya faili: `QUOTENAME(@njia, '''')`. Inafanya kazi miezi kadhaa. Kisha mtu anahamishia mafaili kwenye folda ndefu ya mtandaoni, njia inazidi herufi 128, na QUOTENAME inarudisha NULL. Ilitengenezwa kwa ajili ya majina ya majedwali na safu, ambayo hayazidi urefu huo. Kwa njia za mafaili tumia REPLACE.

Wapo wanaokwepa NULL kwa kutumia CONCAT, ambayo huihesabu kuwa kitupu. Mimi siipendi hapa: badala ya kimya unapata njia iliyokatika, `D:\Mapokezi\.csv`, na kosa linalokupeleka kutafuta faili lisilokuwepo. Afadhali `IF @amri IS NULL THROW 50001, N'Amri ni tupu', 1;` kabla ya kuendesha.

Kama amri ilichapishwa nzima na bado majibu ni mistari sifuri, tazama alama ya mwisho wa mstari. Faili lililotoka kwenye Linux humaliza mstari kwa herufi moja isiyoonekana ya LF (mstari mpya), wakati SQL Server, hata ukiiandikia `'\n'`, hutafuta CR (kurudi mwanzo wa mstari) na LF pamoja. Isipoipata, faili lote linakuwa mstari mmoja, na kwa kuwa uliiagiza FIRSTROW = 2, inauruka mstari huo mmoja na kumaliza kazi. Weka `ROWTERMINATOR = '0x0a'`.

## Dalili: kosa 4860 au 4861, faili halionekani nawe unaliona kwa macho

Anza kwa kusoma namba ya mfumo wa uendeshaji iliyo ndani ya ujumbe wa 4861. Namba 3 ni njia isiyokuwepo, 5 ni kunyimwa ruhusa, 32 ni faili linaloshikiliwa na programu nyingine, 53 ni seva ya mtandaoni isiyofikika.

Kinachotokea mara nyingi kuliko vyote ni mtu kuandika `C:\Users\...\Desktop\machi.csv` akimaanisha kompyuta yake. BULK INSERT huendeshwa kwenye seva, na `C:` ni diski ya seva. Vivyo hivyo kwa `Z:` uliyoiunganisha mwenyewe: huduma ya SQL Server haiijui. Tumia njia kamili ya mtandao, `\\seva\mapokezi\machi.csv`. Kama SQL Server yako inaendeshwa ndani ya kontena la Docker, faili lazima liwe ndani ya kontena au kwenye folda iliyounganishwa nalo. Na kama ni Azure SQL Database, diski yako haitasomwa kamwe. Faili lipelekwe kwanza Azure Blob Storage.

Ikishaondoka hiyo, kagua haya yaliyo mepesi. Funga Excel, kwa sababu faili lililofunguliwa hapo ndilo linalotoa namba 32. Washa uonyeshaji wa viambishi vya majina kwenye Windows. Mara nyingi `machi.csv` kumbe ni `machi.csv.txt`. Tazama ulivyotangaza kigeu: `DECLARE @njia nvarchar` bila urefu hukupa nafasi ya herufi moja tu, na SQL Server hukata njia yako bila kusema, ikaenda kutafuta faili liitwalo `D`.

Namba 5 ina mantiki yake. Ukiingia kwa jina na nywila ya SQL Server, faili husomwa kwa akaunti ya huduma ya SQL Server, na hiyo ndiyo inayohitaji ruhusa ya kusoma folda. Ukiingia kwa akaunti ya Windows, husomwa kwa ruhusa zako wewe. Ndiyo maana amri ileile hupita mikononi mwako ikakataa kwenye kazi ya usiku, ambayo ina akaunti yake. Kama huduma inatumia akaunti yake ya kawaida ya `NT Service\MSSQLSERVER`, kwenye mtandao hujitambulisha kwa jina la kompyuta yenyewe, lenye `$` mwishoni, na ndilo la kupewa ruhusa kwenye folda ya pamoja.

Kuthibitisha kile ambacho SQL Server inakiona:

```
SELECT LEFT(BulkColumn, 500)
FROM OPENROWSET(BULK 'D:\Mapokezi\machi.csv', SINGLE_CLOB) AS f;
```

Simama hapa kama wewe uko kwenye kompyuta moja, SQL Server kwenye ya pili na faili kwenye ya tatu, na ruhusa zote ziko sawa lakini namba 5 haiondoki. Windows haipitishi utambulisho wako hadi kompyuta ya tatu bila kuruhusiwa kupitia Kerberos (itifaki ya kuthibitisha utambulisho), na mipangilio hiyo ni ya msimamizi wa mtandao. Usiitatue kwa kuwapa `Everyone` haki zote kwenye folda.

## Dalili: kosa 4866, safu ni ndefu mno, au 4832, faili limeisha ghafla

Karibu kila mara ni alama za kutenganisha. Excel iliyo kwenye kompyuta yenye mipangilio ya nchi za Ulaya, kama Ufaransa, huhifadhi CSV kwa nuktamkato badala ya koma, jambo ambalo wenzetu wa Burundi na Kongo wanalijua vizuri. Fungua faili kwa Notepad, si kwa Excel, utaona. Kisha weka `FIELDTERMINATOR = ';'`.

Ikiwa ni koma kweli, angalia anwani kama "Mbeya, Uyole" bila FORMAT = 'CSV': koma iliyo ndani ya nukuu inahesabiwa kuwa safu mpya. Halafu kuna alama za mwisho wa mstari, zilizokwisha kuelezwa. Halafu kuna mstari wa "JUMLA" ambao mhasibu ameuongeza chini kabisa, wenye safu mbili tu.

Macho yakishindwa, soma baiti zenyewe. Badilisha SINGLE_CLOB iwe SINGLE_BLOB na LEFT iwe `SUBSTRING(BulkColumn, 1, 200)`. Ukiona mwanzoni `EFBBBF`, faili ni UTF-8 yenye alama yake. Ukiona `FFFE`, ni UTF-16: ondoa CODEPAGE na FORMAT, weka `DATAFILETYPE = 'widechar'` na kitenganishi sahihi, ambacho kwa "Unicode Text" ya Excel ni tabu. `0D0A` ni mwisho wa mstari wa Windows, `0A` peke yake ni wa Linux. Kinyume chake nacho kipo: ukiweka `'0x0a'` kwa faili la Windows, CR inabaki imeng'ang'ania thamani ya safu ya mwisho. Haionekani, ila "NDIYO" hailingani tena na "NDIYO".

## Dalili: kosa 4863 au 4864

La kwanza ni maandishi kuzidi upana wa safu. La pili ni aina ya data isiyolingana: `1,250,000.00` ikilazimishwa kuingia kwenye decimal, au "Haijulikani" kwenye safu ya tarehe.

Unaweza kuyawinda moja moja. Mimi nashauri uache kuingiza moja kwa moja kwenye jedwali la kazi. Tengeneza jedwali la mapokezi ambalo safu zake zote ni nvarchar, pana za kutosha, ingiza kila kitu humo, kisha hamisha ukikagua:

```
SELECT TRY_CONVERT(decimal(18,2), REPLACE(Kiasi, ',', '')),
       TRY_CONVERT(date, NULLIF(LTRIM(RTRIM(Tarehe)), ''), 103)
FROM dbo.Mapokezi_Malipo;
```

NULLIF si pambo. Nafasi tupu ikigeuzwa kuwa tarehe, SQL Server haikatai. Inakupa 1 Januari 1900. Ukikuta wateja wenye mkopo wa mwaka 1900, ndiyo sababu.

## Dalili: data imeingia, lakini si ile

Hapa hakuna namba ya kosa, na hapa ndipo hasara ya kweli ilipo.

Tarehe. Sisi huandika siku kwanza. Mtumiaji wa SQL Server mwenye lugha ya `us_english` husomewa mwezi kwanza. Tarehe 25/04/2024 itagoma, utaiona. Tarehe 03/04/2024 itaingia kimya kimya kama 4 Machi. Matokeo yake ni jedwali ambalo siku za 1 hadi 12 za kila mwezi zimegeuzwa na nyingine zimekosekana. Namba 103 kwenye mfano hapo juu ndiyo inayosema siku ni ya kwanza.

Namba za simu na vitambulisho. Karani akifungua CSV kwa Excel "aangalie tu", kisha akahifadhi, `255712000111` inaweza kuandikwa kwenye faili kama `2.55712E+11`, na `0712` hupoteza sifuri ya mbele. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu. Tano za mwisho zinakuwa sifuri. Hakuna amri ya SQL itakayozirudisha. Omba faili jipya moja kwa moja kutoka kwenye mfumo uliolitoa, lisipitie Excel. Kupima haraka: tafuta `E+` kwenye safu ya simu, na vitambulisho vinavyoishia `00000`.

Herufi. Kiswahili hakina herufi nyingi za ajabu, kwa hiyo tatizo hujitokeza kwenye ritifaa iliyopinda ya Word: `Ng’wandu` inageuka `Ngâ€™wandu`. Weka `CODEPAGE = '65001'`, inayokubalika kuanzia SQL Server 2016 (na 2014 yenye SP2).

## Dalili: mistari imepungua, au imejirudia

MAXERRORS, idadi ya makosa yanayovumiliwa, isipotajwa ni 10. Maana yake mistari michache mibovu inaweza kurukwa na kazi ikaendelea, onyo likipotelea ndani ya programu isiyosoma ujumbe wa seva. Ongeza ERRORFILE ili mistari iliyokataliwa ihifadhiwe, na uliunge jina lake pamoja na tarehe na saa, kwa kuwa faili hilo likiwepo tayari amri inashindwa. Kujirudia kwa kawaida ni mtu kuendesha tena kazi iliyokatika. Ukitumia BATCHSIZE, inayogawa data katika mafungu, kila fungu lililokamilika limeshabaki, hata lililofuata likianguka.

Kumbuka pia kwamba bila CHECK_CONSTRAINTS na FIRE_TRIGGERS, masharti ya CHECK na ya ufunguo wa kigeni hayakaguliwi na trigga (amri zinazojiendesha data inapoingia) hazifyatuki. Wengi hugundua hilo mwisho wa mwaka.

## Makosa madogo ya uungaji

Kosa 137: kigeu cha nje hakionekani ndani ya amri iliyoungwa, kipitishe kama kigezo. Kosa 214: umempa `sp_executesql` varchar, anataka nvarchar. Kosa 208 kwa jedwali la `#muda`: uliliunda ndani ya amri iliyoungwa, likafa nayo; liunde nje kwanza. Kosa 4834: mtumiaji hana ruhusa ya ADMINISTER BULK OPERATIONS. Mpe hiyo, usimpe sysadmin, yaani mamlaka yote ya seva.

Kwa walio kwingine: MySQL haikubali kabisa LOAD DATA ndani ya amri iliyoandaliwa, hutoa kosa 1295, hivyo jina la faili liungwe upande wa programu. PostgreSQL inakubali `EXECUTE format('COPY %I FROM %L', ...)`, na `%L` inashughulikia ritifaa yenyewe.

## Usiendelee peke yako ikiwa

Umepata kosa 823 au 824. Hayo ni ya diski au kurasa za hifadhidata zilizoharibika, si ya faili lako. Acha kuingiza chochote na mwite msimamizi wa hifadhidata saa hiyo hiyo.

Umepata 9002, logi (kumbukumbu ya miamala) imejaa. Mtandaoni utaambiwa ubadilishe hali ya urejeshaji ya hifadhidata kuwa SIMPLE. Kwenye mfumo wa kazi hiyo inakata mnyororo wa nakala rudufu za logi, na hutajua hadi siku utakapohitaji kurejesha.

Mtu anakushauri uwashe `xp_cmdshell`, inayoendesha amri za Windows kutoka ndani ya SQL Server, ili usome orodha ya mafaili kwenye folda. Imezimwa kwa makusudi tangu SQL Server itoke kiwandani. Uamuzi wa kuiwasha si wako. Orodha ya mafaili inaweza kusomwa na PowerShell nje ya hifadhidata na kupitishwa kama vigezo.

Umeshaingiza tarehe zilizogeuzwa kwenye jedwali la kazi na ripoti zimeshatoka. Usijaribu UPDATE ya kubadilishana siku na mwezi, kwani huwezi kutofautisha zilizogeuzwa na zilizokuwa sahihi kabla. Rejesha nakala rudufu kwenye seva ya pembeni, na mwenye hifadhidata akae nawe mkilinganisha.